Faba ya gunia au faba ya sahani? Kulinganisha aina kabla ya kununua mbegu

Orodha nyingi za mbegu za maharagwe ya faba huanza na safu ya tani kwa hekta, na macho ya mnunuzi huishia hapo hapo. Si ajabu. Mavuno yanapimika kwa mizani na ndiyo yanayolipa deni. Shida ni kwamba aina mbili za faba zinaweza kujaza magunia sawa, kisha moja ikawafaa kuku wa mayai na nyingine ikawapunguzia mayai. Moja ikaliwa na nyumba nzima, nyingine ikampeleka mtoto mmoja hospitali. Mizani ya gunia haioni tofauti hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza aina ipi ni bora, nitakujibu kwa maswali mawili: nani ataila, na itaota kwenye udongo gani? Tofauti zifuatazo ninazipanga kwa uzito ninaoupa mimi, na zipo ambazo nitazipita haraka.

Punje kubwa na punje ndogo

Faba hugawanywa kwa ukubwa wa punje. Kundi la major lina punje bapa na pana, kila moja ikifika gramu 1 au kuzidi. Kundi la minor ni vijipunje vya mviringo visivyofika nusu gramu. Equina liko katikati. Soko la chakula hupenda punje kubwa kwa sababu ya sura yake, na ukizichuma zingali mbichi kazi ya kumenya inakuwa nyepesi. Minor zaidi huishia kwenye chakula cha mifugo na viwandani.

Jambo linalosahaulika ni mbegu unayoifukia ardhini. Tuseme unataka mimea 25 kwa kila mita ya mraba, yaani mimea 250,000 kwa hekta, na katika kila mbegu 100 unatarajia 85 ziote. Aina yenye punje ya gramu 1.2 itakudai mbegu kilo 353 hivi kwa hekta. Yenye punje ya gramu 0.45 itakudai kilo 132. Sasa iwapo ile kubwa imevuna tani 3.0 na ndogo tani 2.85, kwenye karatasi kubwa imeshinda. Toa mbegu uliyopanda: kubwa inabaki na tani 2.65, ndogo 2.72. Ushindi umehama. Mkulima anayenunua mbegu kila msimu anapaswa kufanya hesabu hii kabla ya nyingine yoyote, na sijaona orodha ya mbegu inayomfanyia.

Kwa upande wa lishe, ukubwa una athari ndogo. Ngozi ya punje huchukua takriban asilimia 13 ya uzito, na punje ndogo huwa na ngozi nyingi kidogo ukilinganisha na nyama yake. Tofauti hiyo haitoshi kukufanya ubadili uamuzi.

Tanini na visini: hapa ndipo pa kutulia

Faba ina vitu viwili vinavyolalamikiwa na wataalamu wa lishe, na watu wengi huvichanganya kana kwamba ni kimoja.

Cha kwanza ni tanini. Hukaa karibu yote kwenye ngozi ya punje. Huleta ukakasi mdomoni na hushikamana na protini, hivyo nguruwe na kuku hawaimeng'enyi vizuri. Wazalishaji wa mbegu waliiondoa kwa kutumia jeni mbili, zinazoitwa zt1 na zt2. Yoyote kati ya hizo huufanya mmea utoe maua meupe kabisa, yasiyo na lile doa jeusi la kwenye mabawa ya ua. Snowbird, inayolimwa Kanada, ni ya kundi hili. Punje zake hubaki na rangi ya maziwa hata zikikaa ghalani, ilhali za kawaida huzidi kuwa za kahawia kadiri miezi inavyopita.

Cha pili ni visini na ndugu yake konvisini. Hivi havikai kwenye ngozi. Vimo ndani ya punje yenyewe, katika zile nusu mbili tunazozila. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayokadiriwa kuwapata watu wapatao milioni 400 duniani, akila faba ya kawaida anaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu. Ndani ya siku moja au mbili mkojo unakuwa wa rangi nzito, macho yanageuka manjano, nguvu zinaisha. Watoto wa kiume ndio wanaoathirika zaidi. Faba ya kawaida ina gramu 6 hadi 14 za vitu hivi kwa kila kilo ya punje kavu, na punje mbichi changa huzidi zilizokomaa. Mwaka 1989 watafiti wa Ufaransa walichapisha taarifa ya mmea uliokuwa karibu hauna kabisa, na kutoka hapo zikapatikana aina kama Mélodie, Fabelle na Tiffany, ambazo kiwango chake kiko chini ya kile cha kawaida mara kumi au zaidi. Jeni inayohusika, VC1, ilitambuliwa mwaka 2021.

Sasa linganisha. Tanini unaweza kuiondoa mwenyewe: loweka, menya ngozi, au peleka kwenye mashine ya kukoboa, na sehemu kubwa imeondoka. Tena ukikoboa unapandisha protini. Punje yenye asilimia 28 ikivuliwa ngozi hufika karibu 31, kwa kuwa ngozi yenyewe ni nyuzi tupu. Visini hutaikoboa. Kuloweka na kumwaga maji mara kadhaa hupunguza, moto nao husaidia kiasi, lakini haiishi.

Kwa hiyo kama unaweza kupata sifa moja tu katika mbegu, chukua ile ambayo jiko haliwezi kukufanyia. Kwa chakula cha watu ningechagua aina yenye visini kidogo hata kama maua yake yana madoa meusi, kabla sijaitazama yenye maua meupe. Wauzaji wengi husifu maua meupe kwanza, nadhani kwa sababu yanaonekana kwenye picha.

Maua meupe yana gharama nyingine. Tanini ilikuwa ni silaha ya mbegu dhidi ya kuvu wa udongoni. Ukiiondoa, mbegu inakuwa nyororo: katika udongo wa baridi na majimaji huoza kirahisi, na idadi ya miche hupungua. Anayepanda aina nyeupe hulazimika kuongeza kiasi cha mbegu au kuitia dawa ya kuvu. Kwa upande mzuri, aina nyeupe, hasa zenye zt2, huwa na protini juu kidogo na nyuzi chache.

| Aina | Alama shambani | Inamfaa nani | Angalizo |
|---|---|---|---|
| Ya kawaida | Ua lina doa jeusi, kitovu cha punje mara nyingi cheusi | Ng'ombe, mbuzi, kondoo. Walaji wasio na upungufu wa G6PD | Chaguo pana zaidi la mbegu |
| Tanini sifuri | Ua jeupe pe, shina la mche kijani tupu | Nguruwe, kuku wa nyama, viwanda vya unga | Huoza mapema kwenye udongo wa baridi |
| Visini kidogo | Ua lina doa, kitovu cheupe | Chakula cha watu, kuku wa mayai | Kitovu cheupe si uthibitisho |
| Vyote viwili | Ua jeupe, kitovu cheupe | Karibu kila mtu | Aina ni chache, mfano Disco |

Kitovu ni lile kovu la punje lilipokuwa limeshikana na ganda. Weupe wake na uchache wa visini hurithiwa pamoja mara nyingi kwa sababu jeni zake ni majirani kwenye kromosomu moja, ila majirani nao huhamiana. Ukiambiwa "kitovu cheupe, kwa hiyo ni salama", omba cheti cha maabara. Na hata chenye cheti, kidogo si sifuri: mwenye upungufu wa G6PD aongee na daktari kabla ya kula, asiongee na muuza mbegu.

Wanyama wanaocheua ni habari fupi. Tumbo lao halijali sana tanini ya faba wala visini, kwa hiyo ukifuga ng'ombe tu, ruka sehemu hii yote na uchague kwa mavuno.

Mavuno: wastani unadanganya

Faba ina sifa mbaya ya kubadilika. Msimu mmoja inajaza ghala, unaofuata inakuaibisha. Mizizi yake haiendi chini sana, hivyo ukame wa wiki chache wakati wa maua huangusha maua kwa mamia. Joto likipita nyuzi 27 au 30 wakati huo, hali ni ile ile. Sehemu kubwa ya maua huanguka hata katika msimu mzuri. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, aina iliyotoa tani 3.1, 2.9 na 2.7 kwa misimu mitatu inaishinda iliyotoa 4.6, 3.2 na 1.3, ijapokuwa wastani wa ya pili uko juu kwa vijipointi. Anayelima ili ale hawezi kula wastani.

Angalia pia kinachoiangusha faba mahali pako, kwa sababu aina bora ya sehemu moja ni kichekesho sehemu nyingine. Kwenye unyevu na ubaridi kuna ugonjwa wa madoa ya chokoleti unaosababishwa na kuvu Botrytis fabae: huanza kama vitone vya kahawia kwenye majani, kisha hali ya hewa ikiubeba, shamba zima linaonekana kama limemwagiwa chai. Kuna baka la askokita, kuvu mwingine, linaloacha majeraha ya kijivu yenye vidoti vyeusi katikati, na kutu inayokuja mwishoni na joto. Aina inayostahimili kimoja si lazima istahimili kingine.

Ustahimilivu nao una umri. Farah, iliyotolewa Australia mwaka 2003, ilisifiwa kwa kuhimili askokita. Takriban miaka kumi baadaye kizazi kingine cha kuvu hicho kikajitokeza huko na kuivunja kinga yake, ilhali PBA Samira iliyofuata inakihimili. Ukikuta jedwali la ustahimilivu la miaka 15 iliyopita, lichukue kama picha ya zamani ya mtu: huenda bado anafanana, huenda hapana.

Penye lile gugu la Orobanche crenata, linalochomeka mizizi yake kwenye mizizi ya faba na kunyonya hadi mmea unakauka umesimama, usilinganishe kitu kingine. Chagua kati ya zinazolihimili, basi. Misri ndiko walikoanza mapema: Giza 402, kisha Giza 843 na Misr 1. Aina isiyolihimili, hata iwe na rekodi gani ya tani, kwenye shamba lenye mbegu za gugu hilo haitakuachia hata ya kupanda.

Udongo unaotuamisha maji ni kisa cha namna hiyo. Ethiopia, nchi ya pili kwa uzalishaji wa faba baada ya China, ina maeneo makubwa ya udongo mweusi wa mfinyanzi, na aina iitwayo Walki ilitolewa kwa ajili ya udongo huo. Gora, ya huko huko, ina punje kubwa zinazovutia soko, lakini ukiipeleka kwenye udongo unaoshika maji usilaumu mbegu. Udongo wenye tindikali nao hupunguza mavuno ya karibu kila aina; pH ikishuka chini ya 5.5, chokaa itakuongezea zaidi ya kubadilisha mbegu.

Na kabla ya kuilaumu aina kwa unyonge, ng'oa mmea mmoja taratibu wakati wa maua, pasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, nitrojeni inatengenezwa. Kikiwa cheupe au kijani, bakteria wake hawapo au hawafanyi kazi. Bakteria wa faba ni wale wa njegere na dengu ndogo. Chanjo, yaani bakteria wa kuchanganya na mbegu, iliyoandikwa ya maharagwe ya kawaida haitaisaidia, hata ukiimwaga pakiti nzima.

Asilimia za protini, na mitego yake

Punje kavu ya faba huwa na protini asilimia 24 hadi 35, wanga asilimia 40 na kidogo, mafuta asilimia 1 au 2. Gramu 100 zina chuma takriban miligramu 6.7 na foleti nyingi. Kati ya asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, lisini ipo tele. Methionini na sistini ni haba, ndiyo maana faba huoana vizuri na nafaka, ambazo zina upungufu wa kinyume.

Ukiwa na vyeti viwili vya maabara mkononi, usiilinganishe namba kwa namba. Cheti kimoja kinasema asilimia 30, kingine 27. Wa kwanza walipima kwa uzito mkavu kabisa. Wa pili walipima punje kama zilivyo, zikiwa na unyevu wa asilimia 12. Gawa 27 kwa 0.88 upate 30.7: aliyeonekana wa pili ndiye wa kwanza. Mtego mwingine ni kizidisho. Maabara hupima nitrojeni, kisha huizidisha. Wengi hutumia 6.25, wapo wanaotumia 5.4 kwa faba, wakisema ndicho kilicho karibu na ukweli. Nitrojeni ile ile ya asilimia 4.8 inakuwa protini 30 kwa kizidisho cha kwanza na 25.9 kwa cha pili. Uliza vyote viwili, au tupa vyeti na upeleke sampuli zote maabara moja siku moja.

Halafu kuna hesabu ya protini kwa hekta. Aina yenye tani 3.5 na asilimia 26 inatoa kilo 910 za protini. Yenye tani 3.0 na asilimia 30 inatoa kilo 900. Kwa anayeuza kiwandani kwa uzito wa protini, hizi ni pacha, na kwa kuwa mavuno hupanda na kushuka kuliko protini, atafuata mavuno. Kwa anayekula bakuli lile lile kila siku, ya pili ni bora, kwa sababu tumbo lina ukubwa wake na haliongezeki na hekta. Ila usikimbilie asilimia ya juu kupita kiasi: protini ikipanda, mara nyingi sehemu ya methionini na sistini ndani yake hupungua.

Chuma na zinki sizipi uzito mkubwa katika kuchagua aina. Zipo, lakini asidi ya fitiki huzishika, na kuotesha punje kidogo kabla ya kupika hubadilisha kinachofyonzwa kuliko kuhama kutoka aina hii kwenda ile.

Kuzijaribu mwenyewe

Hakuna jedwali linaloshinda mistari michache shambani kwako. Chukua aina tatu au nne pamoja na ile uliyoizoea, hiyo ndiyo kipimo. Gawa eneo katika vitalu vitatu au vinne, na ndani ya kila kitalu upange aina kwa kura, si kwa mpangilio unaoupenda. Aina iliyowekwa upande wa mteremko wenye rutuba kila mara itashinda kila mara. Vuna mistari ya kati tu. Ya pembeni ina mwanga na nafasi ya ziada, inapendelewa. Kausha zote kiwango kimoja kabla ya kupima. Rudia angalau misimu miwili.

Kwenye sahani fanya jaribio dogo. Hesabu punje 100 za kila aina, loweka usiku kucha, asubuhi hesabu ngapi zimebaki ngumu kama kokoto. Pika zilizolainika kwenye maji yale yale na moto ule ule, ukichukua punje kumi kila baada ya dakika tano na kuzibana kwa vidole. Aina itakayohitaji nusu saa zaidi ya kuni inakugharimu kila siku, na gharama hiyo hakuna orodha iliyoiandika. Nimewahi kuipenda aina moja kwa mavuno yake mpaka nilipoipika.

Mbegu ya mwaka kesho

Faba si kama maharagwe ya kawaida yanayojichavusha yenyewe. Theluthi moja ya mbegu zake, wakati mwingine zaidi, hutokana na chavua iliyoletwa na nyuki kutoka mmea mwingine. Mbegu ulizovuna kwenye jaribio, aina zikiwa zimepakana, tayari ni machotara: kula, usipande.

Uharibifu huo hauonekani mara moja. Tanini na visini vya punje huamuliwa na mmea mama, kwa hiyo mbegu iliyochavushwa na jirani wa kawaida hutoka safi mwaka huu. Mmea utakaoota kutoka humo ndio utakaozaa punje zenye tanini au visini. Kwa aina nyeupe una njia ya kujilinda: pita shambani miche ikiwa na urefu wa kiganja, ng'oa kila yenye wekundu kwenye shina, kisha rudi wakati wa maua na ung'oe yoyote yenye doa jeusi kabla nyuki hawajaifikia. Kwa aina zenye visini kidogo lakini maua ya kawaida hakuna alama ya kuaminika machoni. Hizo nunua mbegu mpya iliyothibitishwa mara kwa mara, zipande mbali na faba nyingine, na uandike mwaka wa ununuzi kwenye gunia lenyewe, si kwenye daftari litakalopotea.